Aliyepita Nyuma ya Bati Jekundu

Mwalimu Kyabu alichora mistari saba kwenye ubao wa chaki.

Waliopita mbele ya nyumba yake alasiri ile walikuwa watu sita.

Nimeanza na hilo makusudi, anayetaka kuondoka aondoke mapema. Kuna watu wakisikia habari kama hizi wanaanza kuniuliza picha iko wapi, shahidi ni nani. Picha sina. Shahidi alikuwa babu yangu mzaa baba, Éliézer Badibanga, na alinisimulia mara moja tu, hapa hapa Kamina, akiwa amegeukia ukutani.

Nitaandika Kiswahili cha kila mtu ili ndugu wa mbali wasipotee njiani. Lakini wenyewe wakifungua mdomo nitawaacha waseme chao cha Kamina, ambamo 'njo' ni 'ndiyo' na 'minyi' ni 'mimi'.

Haya, twende.

Ni mwaka 1957. Babu ana miaka thelathini na mbili, ni karani kwenye stesheni ya gari moshi. Mtu wa Kasai, Mmethodisti, shati limepigwa pasi hata siku ya kulima.

Mwaka ule mji ulikuwa umeingiwa na wazimu wa tukutuku. Namaanisha zile pikipiki ndogo za pedeli, injini ikichoka unaimalizia kwa miguu. Makarani, walimu, mafundi, kila aliyejiona mtu alitaka yake. Jumapili baada ya kanisa walikuwa wanazunguka soko, wanapiga honi bila sababu, wanawake wanawacheka.

Babu akachoka na mchezo huo. Akawaambia wenzake: Jumatatu ya Pentekoste hakuna kazi, tutoke alfajiri, twende milimani upande wa Luena, tupite vijiji vya kule juu, tule chakula cha mchana Kibula, na jua likizama tuwe nyumbani.

Walijiandikisha watu saba. Tukutuku saba.

Sasa lazima umjue babu yangu alivyokuwa, la sivyo hutaelewa lililotokea. Babu hakujua kupanga kitu chochote isipokuwa kwa namna ya reli. Harusi aliipanga kama treni. Mazishi aliyapanga kama treni. Safari hii ya tukutuku akaiandikia ratiba, saa ya kutoka na saa ya kufika kila kijiji, akaigongea muhuri.

Na akachukua kitu kingine cha reli, kile kilichotuletea balaa.

Kwenye reli, behewa la mwisho hubeba bati jekundu nyuma. Treni ikipita, mtu wa stesheni hahesabu mabehewa. Anatazama mkia. Bati lipo? Treni imefika nzima, anaandika kitabuni, anarudi kwenye chai yake. Bati halipo? Basi kuna mabehewa yamekatika huko nyuma, na njia inafungwa mpaka yapatikane.

Ni kanuni nzuri sana, kwa treni.

Babu akakata bati la duara, akalipaka rangi nyekundu, akamfungia mgongoni Amédée, fundi wa magari kule Base ya Kamina, kambi ya jeshi. Akamwambia awe wa mwisho siku nzima, asimpite mtu. Akifika Amédée, wote wamefika.

Hakuna aliyemwambia kwamba mabehewa yamefungwa kwa chuma na tukutuku hazijafungwa na kitu. Wote walikuwa watu wa reli na wa ofisi. Waliona ni akili kweli.

Kati ya wale saba kulikuwa na kijana mmoja, Nicodème Tshilumba, mwalimu wa darasa la pili, miaka ishirini na mbili. Mchumba wake Noémie alikuwa anakaa Luena. Mama yake, Mama Kabedi, mjane, hakuwa na mtoto mwingine.

Mama Kabedi hakutaka aende. Jumamosi babu alimkuta uani anachambua maharagwe, hata hakuinua macho.

"Weye Éliézer njo unapanga hii safari?"

"Njo minyi, Mama."

"Kule ku mulima minyi sikujue bantu. Mutoto iko mumoja. Utanirudishia?"

"Mama, miaka kumi na moja niko ku reli. Hakuna hata wagoni moja nilipoteza."

"Sikuuliza wagoni. Niliuliza Nicodème."

"Nitamurudisha kwako, Mama. Minyi mwenyewe."

Akainua macho, akamtazama. Halafu akasema, "Basi aende."

Jumatatu walitoka bado kuna baridi ile ya mwezi wa sita, ya kukata masikio. Vumbi la barabara lilikuwa jingi, kwa hiyo babu akaweka amri: kila mmoja aondoke dakika tano baada ya mwenzake. Hakuna kufuatana karibu. Yeye mbele, Amédée na bati nyuma, wengine katikati.

Kijiji cha mwisho kabla ya kupanda kilikuwa Katobwe. Pale palikuwa na mwalimu wa kanisa, Kyabu, mtu mtulivu, nyumba yake kando ya njia. Babu alimwachia ubao wa chaki.

"Mwalimu, tukirudi, kila tukutuku ikipita, piga mustari moja. Mutu wa bati jekundu akifika, umupe ubao. Njo mwisho."

"Hakuna taabu," Kyabu akajibu.

Unaona, babu hakuwa mzembe. Alihakikisha mara mbili. Jambo hilo ndilo lililomuuma mpaka anakufa.

Kupanda kulikuwa raha. Vijiji vya kule juu havikuwa vimezoea hizo mashine. Wanawake walikuwa wanatoka na unga mikononi, wazee wanagusa matairi. Kibula walipewa bukari, ugali wa kwetu, na samaki mkavu wa Mulongo, wakala mpaka wakalegeza mikanda. Nicodème aliwachekesha kwa kumwigiza mkaguzi wa shule. Babu alisema hakumbuki kama aliwahi kucheka tena vile.

Ilipofika saa nane, moshi ukaanza kupanda. Watu wa kijiji kingine walikuwa wanachoma nyasi, upepo ukageuka, moshi ukajaa kwenye njia ya kuteremkia.

Nicodème akamsogelea babu, ambaye kwa heshima alimwita Yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, nifuatane na weye karibu. Hii moshi iko mingi, njia siioni muzuri."

Babu akatoa saa mfukoni. Alikuwa na zamu fupi stesheni saa kumi na mbili jioni, maana treni hazina sikukuu.

"Weye uko wa ine. Tukianza kuchanganya, tutaharibu yote. Kaa mu nafasi yako."

"Sawa, Yaya."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyosemezana mlimani siku ile. Sawa, Yaya. Kijana hakununa hata kidogo.

Babu akateremka wa kwanza. Moshi ulimtoa machozi, lakini njia aliijua. Katobwe akampungia Kyabu mkono, akauona mstari wa kwanza unapigwa, akaendelea. Hakusubiri mtu. Ratiba haikuwa na kusubiri.

Saa kumi na mbili yuko stesheni na kofia yake. Baadaye kidogo Amédée akaingia, mwekundu wa vumbi, bati mgongoni, ubao mkononi.

"Mukia umefika, chef," akasema, yaani mkuu wake.

Babu akatazama ubao. Mistari saba. Akamshika Amédée mkono, akampongeza. Zamu ilipoisha akaenda kulala, akalala kama mtoto, na kwa usingizi ule hakujisamehe kamwe.

Jumanne asubuhi mlango ukagongwa. Mama Kabedi amesimama uani, amevaa kitambaa cha kanisa kichwani.

"Éliézer, Nicodème iko wapi?"

"Mama, si iko kwako?"

"Alikuja. Hakuingia."

Babu hakuelewa. Bibi yangu akaleta kiti, Mama Kabedi akakataa kukaa.

"Jana jioni nilikuwa nasonga bukari. Nikamuona pa mulango. Iko na vumbi nyeupe mwili yote, anashika tukutuku. Nikamuambia, ingia, chakula iko moto. Hakuingia. Aliniambia hivi: Mama, ambia Yaya Éliézer arudi ku mulima. Nikaweka mwiko chini. Kuinua macho, hakuna muntu."

Babu aliogopa. Aliniambia hivyo mwenyewe. Lakini alikuwa mtu wa shule na wa kanisa, na mambo ya namna hiyo alikuwa amekataa mbele ya mchungaji.

"Mama, uliota."

"Sikuota. Nilikuwa wima, mwiko mu mukono."

"Mama, kule ku Katobwe Mwalimu Kyabu alihesabu. Angalia ubao. Saba. Saba njo saba. Nicodème alishuka mulima, alipita. Pengine iko Luena kwa Noémie."

Mama Kabedi hakuutazama ubao.

"Weye unahesabu," akasema. "Minyi nilimuona."

Akaondoka.

Hapa ndipo huwa nataka kumshika babu yangu mabega nimtikise. Mama mtu amekuja na ujumbe, jina la mpelekewa limetajwa, mahali pametajwa. Wewe unamwonyesha chaki.

Lakini ndivyo alivyofanya. Akakimbilia kwenye simu ya upepo ya stesheni, akapiga Luena, akapiga vituo vyote vya njiani: mmemwona kijana mwenye tukutuku? Kisha akachukua watu, wakatafuta kwenye njia panda ya Luena, chini ya madaraja, kwenye vijito, kwenye mashamba ya mihogo. Jumanne nzima. Walitafuta kila mahali kwenye tambarare, kwa sababu ubao ulisema mlima ameshaushuka.

Mjini watu wakaanza yao. Wakasema kijana ametoroka na mke wa mtu. Wengine walicheka.

Jumatano asubuhi Luena wakajibu. Hayupo. Noémie hajamwona tangu Pasaka. Vituo vingine vyote, hayupo.

Babu akakaa na karatasi ya majibu hayo mkononi. Halafu akamfuata Amédée, wakawasha tukutuku, wakaenda Katobwe bila ratiba yoyote.

Mwalimu Kyabu aliwapokea vizuri, akawapa maji. Babu akamwekea ubao kwenye magoti.

"Mwalimu, nakuomba. Hii mistari. Kila moja ni nani?"

Kyabu akaweka kidole.

"Huu ni weye. Huu ni ule munene. Huu wa kofia. Huu ni wa koti. Huu wa miwani." Kidole kikafika wa sita. "Huu ni huyu wa bati."

Akamwonyesha Amédée.

"Na wa saba?" babu akauliza.

"Wa saba ni ule alikuwa nyuma yake. Huyu alisimama hapa, anakunywa maji, mugongo iko ku njia. Minyi nilimuona ule mwingine anateremka pale. Injini haisikiki, anasukuma na mikono. Vumbi nyeupe mwili yote. Nilimusalimia kwa jina la Bwana, hakujibu. Aliniangalia tu. Nikapiga mustari, nikatoa ubao."

"Nyuma ya bati?"

"Ndiyo, nyuma."

Amédée akaweka kikombe chini polepole. Akasema, "Chef, nyuma yangu hakukuwa na muntu. Hata mumoja."

Wewe msomaji unaweza usielewe kwa nini babu yangu aliinuka hapo hapo akautazama mlima. Mtu wa reli ataelewa. Nyuma ya bati jekundu hakuna kitu. Ndiyo maana ya bati. Kama kuna kitu kinachofuata nyuma ya bati, basi kimekatika kwenye treni, na kimebaki njiani.

Na Nicodème hakuwa wa mwisho. Alikuwa wa nne. Walikuwa wamempita kwenye moshi bila kumwona.

Walipanda ule mlima kwa miguu, na watu wanane wa Katobwe, wakichungulia kila kona. Nyasi zilikuwa zimeungua, mlima mweusi wote. Kona ya tatu chini ya Kibula, Amédée akaona ukingo umemeguka. Chini kabisa, kwenye korongo ambalo moto haukufika, kulikuwa na gurudumu.

Ilikuwa saa tisa alasiri.

Babu aliteremka akishika mizizi. Alikuwa amejiandaa kukuta maiti. Alikuwa anaomba Mungu akute mtu aliyekufa papo hapo Jumatatu, na sala hiyo alinitajia bila kuficha.

Nicodème alikuwa amelala ubavu, mguu umevunjika, mavumbi na majivu yamemgeuza mweupe. Macho yalikuwa wazi. Yakamfuata babu.

Alikuwa hai.

Babu akapiga magoti, akampa maji kwa kiganja. Mengi yalimwagika.

"Nicodème. Niko hapa. Yaya yako niko hapa."

Midomo ikasogea. Babu akainama mpaka sikio likamgusa.

"Saba njo saba," Nicodème akasema.

Maneno hayo babu alikuwa ameyasema uani kwake, Jumanne.

"Mama alisimama," kijana akaendelea, pumzi ikikatika. "Ulimuonyesha ubao. Hakukaa ku kiti."

Hakusema kwa hasira. Babu alinirudia hilo mara mbili, kwamba hakukuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeeleza alichokiona akiwa amesimama kando.

Kwa hiyo elewa vizuri. Aliyepita mbele ya Mwalimu Kyabu hakuwa maiti. Aliyesimama mlangoni kwa mama yake hakuwa maiti. Nicodème alikuwa anapumua korongoni siku zote hizo, na kitu chake kilikuwa kinatembea njiani kuomba msaada, kwa mwalimu, kwa mama, kwa yeyote atakayesimama amuulize una nini.

Na msaada huo babu yangu aliupigia hesabu, akauona umetimia, akaenda kulala.

Wakatengeneza machela ya miti. Wakambeba zamu kwa zamu, babu akiwa kichwani, anaongea naye njia nzima, anamwahidi hospitali, anamwahidi Noémie. Paa la Kyabu lilipoanza kuonekana, Amédée akasema tusimame. Wakasimama. Nicodème alikuwa ameshatutoka.

Alhamisi asubuhi lori likamleta Kamina. Babu akamfuata Mama Kabedi mwenyewe, kabla watu hawajaanza kulia nje. Alimkuta uani, amekaa chini, miguu ameinyoosha, nywele amekwisha kuzifungua, kama wafanyavyo waliofiwa. Hakuna aliyekuwa amempelekea habari.

Babu akapiga magoti. Njiani kote alikuwa ametunga la kusema. Ukweli aliona hautabebeka. Mama gani utamwambia mtoto wako alikaa hai siku mbili, mimi ninapiga simu Luena?

"Mama," akasema. "Tulimupata. Hakuteswa. Alikufa lundi ile ile ya safari, Jumatatu, pale pale alianguka. Hata hakujua."

Mama Kabedi akaweka mkono juu ya kichwa cha babu.

"Éliézer, jana saa tisa alikuja tena. Hiyo mara aliingia, akakaa. Nilimushika mukono. Ulikuwa na joto."

Babu hakuweza kuinua uso.

"Nilimuuliza, mutoto yangu, Yaya yako amefika? Akasema, amefika, ananipa maji." Mama Kabedi akavuta pumzi. "Halafu akasema: Mama, Yaya atakuja kukuambia nilikufa lundi. Umuache aseme. Usimukatale, iko analia."

Mkono ule haukutoka kichwani kwa babu.

"Basi sema tena, mutoto yangu," akamwambia. "Niko nasikia."

Na babu yangu akasema tena, neno kwa neno, uongo ule ule, na mama yule akauitikia kwa kichwa mpaka mwisho.

Babu hakupanga safari nyingine maishani, na kila Jumatatu ya Pentekoste hakuwa anakula.

Juzi nimeona vijana wa hapa wanatangaza matembezi ya pikipiki milimani, fulana za rangi moja, kuna wa mbele na kuna wa nyuma wa kuangalia wenzake. Nendeni, raha ni yenu. Ila wewe uliyewaalika, wewe ambaye mama wa mtu alikukabidhi mtoto kwa kinywa chake, simama kwenye kila kijiji na uwasubiri. Usihesabu. Ita kila mtu jina lake, na usiondoke mpaka akujibu yeye mwenyewe. Na mwenzako akikuomba afuatane nawe karibu kwa sababu haoni njia, achana na saa yako.